Umeme Alioujaza Anold

Wifi yangu Rahabu aliikokota baiskeli ya umeme kutoka Hedaru mpaka kwake mlimani, mwendo wa saa nne za kupanda tu, bila kuuwasha huo umeme hata mara moja. Naanza na hilo kwa sababu wanaomjua kwa kusikia husema alikuwa mwanamke mwerevu. Ni kweli, alikuwa mwerevu. Lakini siku ile nilimtazama akiishia kwenye kona ya kwanza, mgongo umepinda, blauzi imelowa jasho, nikasema kwa sauti mbele ya wateja wangu kwamba kaka yangu alituletea ukoo mzima mtihani.

Ilikuwa Septemba mwaka tisini na nane. Mimi Esta nilikuwa na duka dogo pale Hedaru, kando ya barabara kuu, na mizigo yote ya watu wetu wa mlimani ilikuwa ikishushiwa kwangu. Lori lililotoka Dar es Salaam likashusha kitu kilichofungwa kwa maboksi na kamba. Tulipokifungua tukakuta baiskeli ya kike, ya kijivu, ina kikapu mbele, na nyuma ya bomba la kiti kuna boksi jeusi zito ajabu. Maandishi yote ya Kijapani. Utingo alisema ni pikipiki iliyofupishwa. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Moshi akasema hapana, hiyo ni ya wagonjwa, huko Ulaya wapo watu wenye miguu dhaifu. Nikamwambia huko ilikotoka si Ulaya, akanuna.

Aliyeituma ni Anold, mtoto pekee wa Rahabu na marehemu kaka yangu Bartholomeo. Kijana huyo alikuwa na kazi Dar kwenye yadi moja ya vitu vya mitumba. Miaka ile milango ilikuwa imefunguliwa, na kila kilichowachosha wenzetu wa mbali kiliingia bandarini: friji, redio, magodoro, hata viatu vya mguu mmoja mmoja. Barua yake ilibandikwa ndani ya kikapu. Rahabu aliisoma akiwa amesimama, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea taarifa za kilimo.

“Mama shikamoo. Hii baiskeli inasaidia kupanda. Wewe ukikanyaga pedeli, na umeme nao unakanyaga. Zamani ile ya serikali nilikuwa naisukuma mimi nyuma yako, sasa utasukumwa na umeme. Ukizungusha ufunguo utaona taa tatu kwenye usukani. Zikiwaka zote maana yake imejaa. Nimeijaza mwenyewe hapa kazini kabla ya kuifunga. Ya kuchajia nimebaki nayo kwanza, kwa sababu ya Kijapani inataka umeme mdogo, ukiichomeka hivi hivi inaungua, mpaka nitafute kifaa cha kupunguza. Nitakuja nayo Krismasi. Usiiendeshe mpaka nije nikuonyeshe, inavuta ghafla, utaanguka.”

Akaikunja barua, akazungusha ufunguo. Taa tatu za kijani zikawaka. Akazizima mara moja, kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe.

“Washa basi, wifi, ikupeleke,” nikamwambia.

“Amesema nimsubiri.”

“Amesema utaanguka. Wewe umeanguka na baiskeli mara ngapi katika maisha yako?”

“Amesema nimsubiri,” akarudia, akaanza kuikokota.

Lazima nieleze huyu alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo mtadhani alikuwa mjinga. Rahabu alikuwa bibi shamba. Alisomea kilimo, serikali ikampa baiskeli, na kwa miaka kumi na minane alizunguka milima yetu akiwafundisha watu kukata makinga maji na kuchagua mbegu za maharage. Kupanda aliikokota baiskeli, kushuka baiskeli ikamkokota yeye. Miaka ya shida, wakati tairi jipya lilikuwa likisikika redioni tu, alishona tairi lake kwa uzi wa fundi viatu na kuendelea na kazi. Watu wengi hawakumjua jina. Walimwita Bibi Shamba, wakubwa kwa wadogo, na alitembea kama mtu anayestahili kuitwa hivyo.

Miaka hiyo ya shida ndiyo iliyomfundisha tabia yake moja iliyonitia wazimu. Hakuwa akitumia kitu. Sabuni ya kuogea ilikaa kabatini mpaka ikapasuka. Sukari ya wageni iliganda, mgeni akija inagongwa kwa mchi. Redio yake ilisema mara moja kwa siku, taarifa ya habari na matangazo ya vifo, kisha betri zinatolewa, zinaanikwa juani juu ya bati zipate nguvu. Sote tulianika betri, sikatai. Lakini maduka yalipojaa tena vitu sisi wengine tuliacha, tukatumia, tukafilisika kwa raha. Rahabu hakuacha. Kitu kizuri kwake kilikuwa cha kuwa nacho, siyo cha kutumia.

Halafu serikali ikapunguza wafanyakazi. Mwaka tisini na tano akapewa barua ya shukrani na akatakiwa kuirudisha baiskeli Same, wilayani. Aliirudisha imeoshwa. Kesho yake akaamka akaenda mashambani kwa miguu, bila mshahara, kwa sababu watu walikuwa bado wanamwita na yeye hakujua siku inaanzaje bila kwenda. Anold alijua. Ndiyo maana aliona ile baiskeli yadini, kati ya takataka zote zile, akamkumbuka mama yake.

Baiskeli ilikaa nyumbani siku kumi na tisa. Tarehe tisa Oktoba ikaja simu kituo cha mafuta, nikaitwa nikimbie. Anold amefariki jana yake. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Nilipanda mlima kwa pikapu ya mchana, nimekaa juu ya magunia, nikijifunza maneno ya kusema. Nilimkuta Rahabu uani anafuta spoku moja moja kwa kitambaa. Nikasema. Sikumbuki nilisemaje. Nakumbuka alisikiliza mpaka mwisho, akamalizia spoku aliyokuwa ameishika, akaniuliza, “Umekula, wifi?” Kisha akaingia jikoni akanipashia makande. Na mimi nikayala, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Maiti ililetwa kwa gari, tukamzika chini ya migomba, pembeni ya baba yake. Rahabu alipanga mabenchi. Alihesabu masufuria yaliyoazimwa na kukumbuka kila moja ni la nani. Alipopewa pole aliitikia, “Ahsante, tumeshapoa,” akamwonyesha mtu pa kukaa. Hakulia. Hakulia jeneza liliposhushwa, hakulia mchungaji aliposoma historia ya marehemu, hakulia watu walipoondoka. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka, na wanawake wakanishika mimi kana kwamba mfiwa ni mimi. Maneno yakaanza kupita kwenye mabomba ya maji. Mama gani huyu. Nami, nisiwe mnafiki, nilijiuliza hivyo hivyo.

Matanga yalipoanuliwa nilifunga duka nikabaki naye. Hapo ndipo nilipoona.

Kila jioni, kabla ya kuwasha kibatari, aliingia chumba alichokuwa akilala Anold. Baiskeli ilikuwa humo, imefunikwa khanga. Anaifunua usukani, anazungusha ufunguo, taa tatu zinawaka, anazitazama kidogo, anazima, anafunika. Akitoka ananiambia neno moja.

“Yupo.”

Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Baiskeli iko, chaji ipo. Mwanamke huyu alikuwa akiwasahihisha Kiswahili hata madiwani. Kesho yake nikatega sikio. “Yupo,” akasema tena, sauti kavu, akaenda kupepeta mchele.

Mashambani hakwenda tena. Mzee Tumainieli, jirani yake wa juu, aliyechimba kaburi na kushika jeneza upande wa mbele, alikuja mara tatu kumwambia kwamba tangawizi yake inaoza shinani na majani yanageuka njano. Mara zote tatu Rahabu alimjibu, “Nitakuja,” kwa sauti ya mtu anayejibu hodi ya nyumba ya pili. Hakuwa na huzuni usoni. Hilo ndilo lililonitisha. Huzuni ningeijua, ningekaa nayo. Alikuwa anapika, anafagia, anaitikia, na ndani hamna mtu. Nilimpenda na nilikuwa nimemchoka, vyote viwili kwa pamoja.

Siku moja mdomo wangu ukashindwa kuvumilia.

“Wifi, panda hiyo baiskeli uende kwa Tumainieli. Umeletewa uipande, siyo uitolee heshima.”

“Nikiipanda itakwisha.”

“Ndiyo kazi ya chaji, kwisha. Unajaza nyingine.”

“Ya kuchajia ilibaki Dar. Vitu vyake vimegawanwa na wenzake wa chumba, hakuna anayejua iko wapi.” Aliongea taratibu, kama anamweleza mkulima mgumu wa kuelewa. “Hii iliyomo ameijaza yeye kwa mkono wake. Ikiisha hii, hakuna nyingine.”

Kumbe ndicho alichokuwa anakilinda. Nguo za marehemu tulishazigawa, picha ilikuwa moja na imefifia, na barua alikuwa ameikariri. Lakini mle kwenye boksi jeusi la betri mlikuwa na kitu alichokiweka mwanawe na ambacho kilikuwa bado kinafanya kazi. Alikuwa anakitunza kama alivyotunza kila kitu, kwa kutokigusa.

Mwezi wa kwanza, siku ya nne, akatoka chumbani hajasema neno. Akasimama mbele yangu.

“Nani ameendesha baiskeli?”

“Nani aiendeshe?”

“Taa ni mbili.”

Nikaenda kutazama. Kweli, mbili.

“Jana nilikwenda kanisani, wewe ukabaki,” akasema. “Esta, umeendesha baiskeli ya mwanangu?”

Hakuwa ameniita Esta tangu harusi yake. Miezi mitatu sikuona chochote katika macho yale, na sasa nilichoona kilikuwa chuki, tena juu yangu, mimi ambaye hata baiskeli ya kawaida siwezi kuipanda. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia pia kwamba hakumlilia mtoto lakini anaililia taa, hilo nitaliandika kwa sababu ndilo ninalolijutia. Aliuchomoa ufunguo, akaufunga kwenye kamba, akauvaa shingoni. Kulipokucha nikateremka Hedaru kwa miguu, nalia na kutukana njia nzima, na waliokutana nami waliona heri wanipishe.

Nilikaa siku tano dukani nimevimba. Siku ya sita nikaenda kwa Amiri, fundi redio, mtu wa Tanga aliyekuja kwetu kutoka mashamba ya mkonge. Nilikwenda kutafuta ushahidi, nisiwafiche. Nilitaka mtaalamu aniambie kwamba taa haiwezi kuzimika bila mtu kuendesha, ili nijue ni kijana gani wa jirani nikamshike shingo.

“Shikamoo mama Esta.”

“Marahaba. Amiri, betri ya baiskeli ya umeme ikikaa bila kutumika inabakije?”

“Haibaki, mama. Inajimaliza yenyewe, kidogo kidogo.”

“Hata ukiifungia chumbani?”

“Hata uifunike blanketi. Zile betri ndivyo zilivyo, ukiutumia umeme unakwisha, usipoutumia unakwisha. Na ikikaa tupu muda mrefu inakufa kabisa, haikubali tena chaji. Nileteeni, nikipata transfoma nitaijaza.”

“Itarudi kama ilivyokuwa?”

“Itajaa. Umeme ni umeme, mama.”

“Umeme si umeme,” nikamwambia. Akanitazama kama anayejiuliza kama nimekula kitu kibaya, akarudi kwenye redio yake.

Nilipanda mlima siku hiyo hiyo. Sikujua kama naenda kumsaidia au kumwua. Ningeweza kunyamaza, akaendelea kuchungulia mpaka siku atakayokuta giza, akadhani ameibiwa, akamchukia mtu mpaka kufa kwake. Nilimkuta anachambua maharage. Nikakaa chini, nikachambua naye, nikamwambia kila kitu alichosema Amiri bila kupunguza.

“Anajua huyo?” akauliza.

“Anajua.”

“Hata nisipoigusa?”

“Hata usipoigusa, wifi.”

Akachambua ungo wote ukaisha. “Tangu juzi ni moja,” akasema. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba. Tukala, tukalala.

Asubuhi nilimkuta uani amevaa sketi yake ya kazi, ile ya khaki, na mabuti. Baiskeli ilikuwa nje, ameshaijaza upepo. Ufunguo ulikuwa bado kwenye kamba, akaivua shingoni.

“Nakwenda kwa Tumainieli nikaone tangawizi,” akasema.

Njia ya kwa Tumainieli inapanda tangu mlangoni mpaka juu kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Hakuna aliyewahi kuipanda akiwa amekaa kwenye kiti cha baiskeli. Rahabu akakanyaga pedeli. Baiskeli ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatwa kamba, ikamyumbisha mpaka karibu na ua, nikapiga kelele. Akaishika. Akakanyaga tena, na ikaanza kupanda, inanguruma kidogo kama cherehani, na yeye juu yake amenyooka wima, mwanamke wa miaka hamsini na minne, anapanda mlima bila kuhema. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage chini ya njia wakasimama na majembe yao. Mmoja akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma, khanga imefunguka, nacheka, na nilikuwa sijacheka tangu Oktoba. Akapita kona ya kwanza akanipotea.

Nilimkuta juu kidogo ya kona ya pili. Alikuwa ameshuka, amesimama katikati ya njia, baiskeli ameiegemeza kiunoni. Usukani ulikuwa mweusi, hakuna taa.

“Imekwisha,” akasema.

Tukasimama pale, mimi nahema, yeye anautazama usukani. Uso wake ulikuwa ule ule wa miezi yote ile, na nikafikiri, basi, nimeua bure kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

Mzee Tumainieli alikuwa anateremka kutoka kwake, jembe begani. Alikuwa amesikia kigelegele.

“Bibi Shamba! Imeharibika?”

“Haijaharibika. Imekwisha chaji.” Akaacha kuutazama usukani. “Mzee Tumainieli, mwanangu amekufa.”

Nilitaka kuingilia. Huyu mzee alilichimba lile kaburi kwa mikono yake, alikula matangani siku nne, alikuwa anajua. Nilitegemea anitazame mimi kwa siri, kama tunavyotazamana mtu akianza kuchanganyikiwa. Hakunitazama. Aliliweka jembe chini, akavua kofia, akaushika mkono wa Rahabu kwa mikono yake miwili.

“Pole sana, mama yangu. Lini?”

“Oktoba. Tarehe nane.”

“Aliumwa?”

“Malaria. Siku tatu tu. Hata sikumwona.”

“Pole. Pole sana. Anold?”

“Anold,” akasema Rahabu, na akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akaketi pale pale njiani, na mzee akashuka naye bila kumwachia mkono. Kule chini wanawake walisikia. Wakaweka majembe, wakafunga khanga vizuri, wakaanza kupanda mmoja mmoja kuja tulipo, hawasemi kitu, kama watu wanavyokwenda penye msiba. Mimi niliishika baiskeli isianguke.